Hakulia safari ya Takwa ilipovunjika: nimsifu vipi?

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Mjomba wake alimwahidi kumpeleka Takwa, kwenye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, kwa mashua Jumamosi, na wiki nzima hakuwa na mazungumzo mengine. Mjomba alikuwa afike baada ya Adhuhuri. Mashine ikamsumbua, akafika Alasiri imepita na maji yameanza kupwa. Akasema leo haiwezekani tena. Mtoto aliinamisha kichwa, mdomo ukamtetemeka, akanishika buibui. Baada ya kitambo akasema, "Basi mama, twende nikacheze na kidau changu." Hakulia. Mimi ndiye niliyelengwa na machozi kwa fahari, na nimemsimulia kila mtu. Mavyaa aniambia nisimsifu, ataota kiburi na watu watamtia jicho. Dada yangu naye asema mtoto asiyelia anaficha, siku moja atalipuka. Nani ana haki? Nimsifu vipi, na nifanye nini aendelee hivi? (Mama, Langoni, Lamu)

Jibu: Dada, fahari yako ina mahali pake. Mtoto wa miaka mitano aliyengoja kitu wiki nzima, kikamponyoka akiwa tayari yuko gatini, kisha akaweza kusema "basi" na kutafuta la kufanya, amefanya jambo zito kwa umri wake. Mavyaa wako na dada yako kila mmoja ameshika upande wa kweli, na nitawafikia wote wawili. Lakini tuanze na alichofanya mtoto mwenyewe, kwa sababu umekieleza vizuri na sehemu kubwa ya jibu imo humo humo.

Umesema aliinamisha kichwa na mdomo ukatetemeka: huzuni ilifika, na mwili ukaionyesha. Akakushika buibui: alitafuta mtu. Kikapita kitambo: alikaa na huzuni yake bila kuikimbia. Akasema "basi": alikubali kwamba kwa leo haipo. Kisha akachagua kidau: alitafuta jambo lililo ndani ya uwezo wake, tena la bahari ile ile aliyoikosa. Hizo ni hatua tano, na hakuna hata moja inayoitwa kutolia. Angelia dakika mbili kisha akazifuata hatua hizo hizo, ningekuandikia jibu hili hili. Tafadhali lishike hilo, maana mengi yanayofuata yanategemea hapo.

Kuhusu umri, ni vizuri ujue unachoweza kutarajia. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomwezesha mtu kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka ishirini. Wa miaka miwili hawezi kujituliza kwa jambo kubwa, hutulizwa. Wa mitatu au minne huweza akiwa amepakatwa au ameshikwa mkono. Wa mitano au sita huweza siku nyingine peke yake, hasa akiwa ameshiba, hana usingizi, na yupo karibu mtu anayemwamini. Wako alikuwa na vyote. Angekuwa ametoka chuoni, kwenye masomo ya Kurani, amechoka na hajala tangu saa nne asubuhi, huenda ungeona mengine kabisa pale gatini, na asingekuwa amepungua chochote katika malezi yake.

Sasa dada yako. Hofu yake si ya kupuuzwa. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Carolyn Saarni, alichapisha utafiti wa watoto waliopewa zawadi isiyopendeza, ili aone watafanya uso gani mbele ya aliyewapa. Miaka miwili baadaye Pamela Cole akaufuatilia mtindo huo na kuonyesha kwamba hata wasichana wa miaka mitatu na minne huweza kutabasamu mbele ya mtoaji, na kuonyesha kuvunjika moyo wakiachwa peke yao. Kwa hiyo kuficha huanza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mtoto mdogo anaweza kabisa kumeza kilio kwa sababu ameona uso wa mkubwa unataka nini.

Lakini uliyoyaona hayafanani na kumeza. Mwaka 2003 Michael Potegal na Richard Davidson, nao wa Marekani, walichambua maelezo ya wazazi kuhusu watoto wa miezi 18 hadi miaka mitano wanapogaragara na kupiga kelele. Robo tatu ya visa hivyo viliisha ndani ya dakika tano. Waliona pia kwamba ndani ya tukio moja kuna vitu viwili vinavyokwenda pamoja: hasira, ambayo hupanda mapema na kushuka, na huzuni, ambayo hukaa muda mrefu zaidi na ndiyo inayomrudisha mtoto kwa mzazi kutaka kubembelezwa. Mtoto anayetupa kiatu yuko kwenye hasira. Anayeshika buibui la mamake yuko kwenye huzuni na anaomba msaada, na anayeomba msaada hajaficha kitu.

Hata hivyo usiamue kwa tukio la dakika chache. Mtazame kwa wiki moja hivi, bila yeye kujua anatazamwa.

Usiku ule ule: alikula kama kawaida? Alilala kama kawaida, au aligeukageuka na kukuita mara nyingi? Kwenye mchezo wa kidau, je, mashua ya mjomba iliingia? Mtoto anayepitisha jambo vizuri mara nyingi hulicheza. Utasikia nahodha anachelewa, maji yanakupwa, abiria wanarudi nyumbani, au safari inafika Takwa salama. Ukisikia hivyo usiingilie, wala usimsahihishe. Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika.

Siku ya pili au ya tatu, itaje safari kwa sauti ya kawaida mkiwa mnafanya jambo jingine, labda mnachambua mchele: "Jumamosi ile tulikuwa twende Takwa." Kisha nyamaza. Aliyetulia kweli atasema lolote lenye ukweli ndani yake: "Nilitaka sana," au "Tutaenda lini?" au hata "Mjomba alichelewa," kwa uso ulionuna. Anayeficha hukakamaa, au husema haraka "Mimi hata sikutaka," au kwanza hukutazama usoni aone unataka jibu gani. Huko kukutazama ndiko kunakonisumbua kuliko yote. Ukikuona mara moja, sawa. Ukikuona kila jambo linapomkasirisha, ana habari kwamba huzuni yake inakuudhi.

Mwili nao husema. Maumivu ya tumbo yasiyo na sababu kila asubuhi ya shule, kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha, kumpiga mdogo wake kwa jambo dogo, kunyamaza pale alipokuwa msemaji. Dalili moja kwa siku mbili si kitu. Dalili kadhaa zikikaa zaidi ya wiki mbili, zungumza kwanza na mwalimu wake wa shule na wa chuo, kwa kuwa wao humwona saa nyingi bila wewe, kisha umpeleke kwa daktari wa watoto, aanze na tumbo na mkojo wenyewe kabla ya kuulizia moyo.

Na umwambie dada yako jambo hili pia. Mwaka 2018 watafiti Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walilinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso, vijijini Kamerun, na wa Ujerumani. Kila mtoto aliwekewa kitu kitamu na kuambiwa akingoja atapewa cha pili. Katika watoto wa Nso karibu asilimia 70 walingoja; wa Ujerumani hawakufika theluthi moja. Na wale wa Nso wengi walingoja kwa utulivu, bila kuhangaika sana. Mtoto aliyelelewa katikati ya bibi, shangazi na mama wadogo, akizoezwa tangu uchanga kwamba zamu yake itafika, anaweza kuwa mtulivu bila kuwa mgonjwa.

Kwa maoni yangu hatari iliyopo kwako ipo kwingine: kwenye kusimulia. Umesema umemsimulia kila mtu. Mtoto wa miaka mitano akiwa sebuleni anajenga mnara wa vibiriti husikia kila neno. Amesikia mara kadhaa sasa kwamba mama alifurahi kwa sababu "hakulia". Siku atakapotaka kulia, na itakuja, atakuwa na kitu cha kupoteza. Hivi ndivyo utulivu wa kweli unavyogeuzwa kuwa wa kuficha, na kwa kawaida mzazi mwenye nia njema ndiye anayeugeuza. Usimsimulie tena akiwepo. Na yeyote atakayemwambia "wewe mwanamume, mwanamume halii," mpokee kwa adabu kisha umwambie mtoto mbele yake: "Ukitaka kulia, lia. Nilipenda ulivyoniambia twende nyumbani."

Hapo ndipo mavyaa wako ana haki kuliko alivyojieleza. Sifa za mbele ya watu zina madhara hata kwa asiyeamini jicho. Humfanya mtoto kuwa mtu wa kuonyeshwa, na humtia mdogo wake au binamu yake katika mizani asiyoiomba. Msikilize: msifu ndani, mkiwa wawili, useme mashaallah, na yaishie hapo. Hutakuwa umemkaidi mtu na hutakuwa umemnyima mtoto. Lakini kutomsifu kabisa kusingefaa, kwa sababu mtoto mdogo hajui alichofanya. Amefanya hatua tano bila majina. Ukimpa majina, kesho atazitafuta.

Sifa yenyewe iwe fupi, sentensi mbili au tatu, siku ile ile usiku au kesho yake. Kwa kuwa siku zimepita, iseme mara moja tu, wakati wa kumlaza: "Jumamosi ulisikitika sana, nilikuona. Ulinishika, ukangoja, kisha ukapata wazo la kidau. Mashaallah, nilipenda ulivyolitafuta wazo lile." Angalia mpangilio: kwanza huzuni inatajwa, kisha alichofanya, mwisho furaha yako. Ukianza na furaha yako, huzuni inabaki haina mahali.

Epuka "wewe ni mtoto hodari", "wewe ni mtulivu sana", "wewe si kama fulani". Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la tano waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa zaidi ya waliosifiwa kwa juhudi. Wale walikuwa wakubwa kuliko wako, lakini mantiki ni ile ile: ukimwambia yeye ni mtulivu, siku akilia atadhani amekoma kuwa yule uliyempenda. Ukimtajia alichofanya, siku akilia bado anajua la kufanya baada ya kulia.

Zawadi? Usimnunulie kitu kwa sababu ya kutulia. Utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa mwaka 1973 uliwahusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao walipoachwa huru. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Kumnunulia barafu ya ukwaju kwa jirani kwa sababu jua ni kali, hiyo ni barafu tu, mpe. Kumwambia "hii ni kwa vile hukulia" ni kuanza kununua machozi yake, na bei itapanda.

Sasa, kumsaidia aendelee. Siku nyingine kitu kitakapovunjika, chuchumaa uso wako uwe sawa na wake, nyamaza kidogo, kisha ukitaje alichokikosa kwa jina: "Ulitaka kupanda mashua leo." Usiongeze neno. Mwache ashike au aegemee, dakika moja hadi tatu, hadi uone pumzi imeshuka na mabega yamelegea. Ndipo ueleze sababu, kwa sentensi moja. Halafu mngoje atoe wazo. Akikwama, mpe mambo mawili achague.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye haraka. Mzazi huanza kueleza kupwa na kujaa wakati mtoto bado hasikii, maana huzuni ikiwa juu maneno marefu hayaingii, na mtoto hulia zaidi kwa kuona hasikilizwi. Au mzazi hutoa mbadala papo hapo: simu, biskuti, katuni. Kinachofundishwa hapo ni kwamba huzuni ni moto wa kuzimwa. Wako alipata kitambo chake kwa sababu wewe hukukimbilia kusema. Hilo ulifanya wewe, na una haki ya kulifurahia nalo.

Mazoezi madogo ya kila siku yanasaidia zaidi ya mafundisho. Chezeni mdako au ludo, na mara nyingine ashindwe kweli. Ukimwachia ashinde kila mara, kushindwa kwake kwa kwanza kutakuwa mbele ya wenzake mtaani, na huko hakuna wa kumchuchumalia. Umtume na mkubwa wake foleni ya mahamri asubuhi. Mechi ikimwendea vibaya na akatupa kete, zima mchezo bila kumgombeza, mrudie kesho. Dakika kumi zinatosha, na usizipange baada ya chuo wala karibu na Magharibi akiwa na njaa. Na ujiandae: huenda wiki ijayo akapiga kelele kwa mkate wa mofa uliokatika vipande viwili. Usimwambie "mbona siku ile ya Takwa ulitulia?" Siku ile ikigeuzwa kipimo, itamwelemea.

Linabaki lenye uzito kuliko yote hayo, nalo ni ahadi. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kila mmoja kwanza aliahidiwa vifaa bora vya kuchorea na kubandika. Nusu yao waliletewa. Nusu waliambiwa samahani, havipo. Kisha wote wakawekewa kitu kitamu wangoje cha pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika 3. Utulivu wa mtoto huegemea hesabu: je, watu hawa wakisema itakuja, huja? Wako alisema "basi" kwa urahisi kwa sababu, inaelekea, nyumbani kwenu ikisemwa huja. Ahadi ya Takwa ikififia kimya kimya, mara ya tatu au ya nne hutaona utulivu ule, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Wengine wetu tuna mazoea ya kumtulizia mtoto kwa "inshaallah" tukiwa hatuna nia yoyote. Watoto huling'amua hilo mapema sana. Liseme unapokusudia, na uweke siku.

Hapo kwenye kuweka siku, angalieni maji. Mkono wa bahari unaoingilia Takwa katikati ya mikoko hupitika maji yakijaa tu, na maji hujongea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Ndani ya siku saba hujongea karibu saa sita, kwa hiyo mjomba akisema kwa wepesi "basi Jumamosi ijayo, saa ile ile," mtafika gatini maji yamekauka, tena ni maji mafu, yasiyojaa sana, na mtoto atavunjiwa ahadi mara ya pili kwa kosa la hesabu. Baada ya siku 14 bamvua, yaani maji makuu, hurudi na kujaa huwa karibu saa zile zile. Wekeni Jumamosi ya pili, si ya kwanza, na muulizeni nahodha kabla ya kumwambia mtoto. Ikiwa ni miezi ya Kusi kali, Juni hadi Agosti, sikilizeni pia taarifa za Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kutaja siku. Wiki mbili ni ndefu kwa mtoto wa miaka mitano, kwa hiyo mchoree miraba 14 kwenye karatasi, akoleze mmoja kila jioni. Mkishuka mara moja moja kutazama maji yalipofika gatini, mwenyewe ataona kwa nini ilishindikana.

Mjomba azungumze naye mwenyewe kabla ya siku hiyo. Maneno machache: "Nilichelewa, ulisubiri, nisamehe mwanangu. Safari hii nitakuja mapema." Usimsemee wewe, wala usimlaumu mbele ya mtoto. Mashine ipimwe siku moja kabla, na mjomba afike muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, mwende bila haraka na mrudi kabla hayajawaacha matopeni.

Na mkubaliane mapema wewe na mjomba mtafanya nini bahari ikikataa tena. Mfano, kutembea na mtoto kwa miguu hadi Shela jioni ile ile, na mjomba awepo. Msimwambie hilo kabla. Likihitajika, chuchumaa kwanza, taja Takwa, ngoja, ndipo umwambie Shela.